Kifua Kinawaka Baada ya Biriani? Jua Kama ni Kiungulia ama ni Moyo Kabla Hujachanganya Eno

Picha ndio hii. Saa nane usiku, Kibokoni kumenyamaza, hata paka wa Mji wa Kale wameenda kulala. Wewe umeamka, umekaa kitandani, umeshika kifua. Kuna kitu kinawaka hapo katikati, nyuma ya mfupa. Unakumbuka jioni ulimaliza sahani ya biriani ya mbuzi, ukashushia na soda baridi, kisha ukajilaza na simu hadi usingizi ukakubeba. Sasa uko na swali moja tu kichwani: hii ni asidi, ama ndio naenda?

Mimi hilo swali nimeshajiuliza. Ilikuwa Ramadhani, nimekula daku kama mtu anayehama nchi, nikalala hapo hapo. Kabla ya adhana ya alfajiri nikawa ndani ya tuktuk, mathe kando yangu anasoma kila dua anayoijua. Hospitali wakanibandika nyaya kifuani, wakatoa damu, wakasubiri. Mwisho daktari akaniambia moyo uko fiti, shida ni kulala na shibe. Maskani walinicheka mwezi mzima.

Lakini mwaka huo huo ami yangu mmoja alikuwa amekaa barazani tunatazama mechi, akashika pale pale nilipokuwa nimeshika mimi. "Nna gesi tu mwanangu, hebu nipe soda." Tukampa soda. Akapiga mbweu, akasema amepata nafuu, tukarudi kwa mechi. Saa mbili baadaye shati lake lilikuwa limelowa jasho na uso umebadilika rangi. Huo ulikuwa moyo. Aliponea, ila kipande cha msuli wa moyo kilishakufa, na leo akipanda ngazi za nyumba yake, zile za mbao zilizosimama wima kama za minara, anapumzika mara mbili. Ile soda nilimletea mimi.

Sasa kabla uniulize: mimi si daktari. Chuo chenyewe niliachia mwaka wa pili, na sikuwa nasomea mambo ya miili ya watu. Lakini baada ya ile kitu nimesoma sana na kuuliza maswali hadi wauguzi wakanichoka. Na jibu nikupe mapema usiendelee kuhangaika: ukiwa nyumbani huwezi kujua kwa asilimia mia. Daktari naye hawezi kwa kukutazama tu. Chenye unaweza ni kusoma dalili zinaegemea wapi, na ukikwama katikati, chukulia ni moyo hadi mashine iseme hapana.

Lugha nayo inatuchezea

Hii haizungumzwi sana. Kiswahili chetu kimeweka moyo mpaka tumboni. Ukiskia kichefuchefu unasema "moyo wanichafuka". Pale juu ya tumbo, chini ya mbavu zinapokutana, panaitwa chembe cha moyo, na wala hapo hapana moyo, hapo ni tumbo. Waingereza nao hawana afadhali, maana kiungulia wamekibatiza jina linalomaanisha moyo kuungua.

Sasa fikiria nyanya yako amefikishwa kwa daktari kijana aliyekulia bara. Anamwambia "mwanangu, moyo wanichafuka na chembe cha moyo chaniuma". Daktari ataelewa nini? Anaweza kukimbilia moyo kumbe ni kichefuchefu. Na kinyume chake ndio mbaya zaidi: mtu ana shida ya moyo kweli, anasema "ni tumbo", anaandikiwa dawa ya asidi, anarudi nyumbani. Kwa hivyo ukimpeleka mzee, mwambie aonyeshe kwa mkono panapouma, aseme kunachoma ama kunabana, na kulianza lini. Mkono hauna lahaja.

Halafu kuna ile yetu ya Kenya nzima. Kila maumivu kuanzia kitovu hadi shingo yanaitwa alsa. Msee hajawahi kupimwa hata siku moja lakini ana "alsa zake" tangu sekondari. Vidonda vya tumbo ni ugonjwa halisi na vina vipimo vyake. Kama hujapimwa, usimpe daktari hilo jina kama jibu, mpe dalili.

Mbona zinafanana hivyo?

Juu ya tumbo kuna kijilango cha msuli. Chakula kikishuka kinajifunga, asidi inabaki chini. Kikilegea, asidi inapanda kwa umio, ile njia ya chakula, ambayo haina ukuta wa kuhimili asidi kama tumbo. Ndipo unaskia moto. Hicho ndicho kiungulia.

Na umio umepita wapi? Nyuma kabisa ya moyo, umeugusa. Viko karibu hadi madaktari wakitaka kuona moyo vizuri, wakati mwingine wanakushusha kifaa cha picha kooni na kuutazama moyo kupitia ukuta wa umio. Juu ya hayo, mishipa ya fahamu ya moyo na ya umio inaingia kwenye uti wa mgongo sehemu zilezile. Habari ikifika kwa ubongo, ubongo unajua kuna moto kifuani, ila hauna uhakika ni nyumba gani.

Moyo nao ni msuli, unahitaji damu yake. Inapitia mishipa myembamba iliyouzunguka. Mafuta yakijijenga ndani ya mshipa, njia inakuwa finyu. Unatembea poa ukiwa kwa tambarare, lakini ukipanda ule mwinuko wa kutoka feri ya Likoni na mizigo, moyo unadai damu zaidi, haifiki ya kutosha, kifua kinabana. Ukisimama dakika chache, kinaachia. Hiyo ni onyo. Siku ile yale mafuta yakipasuka ndani, damu inaganda hapo juu yake na kuziba kabisa, na msuli ulioko mbele ya hapo unaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Kila dakika inayopita, kipande kinaongezeka.

Tukiwa hapo, mshtuko wa moyo na moyo kusimama ni vitu viwili. Christian Eriksen wa Denmark alivyoanguka uwanjani tarehe 12 Juni 2021, ule ulikuwa moyo kusimama, shida ya umeme wake. Mshtuko ni shida ya mabomba. Ila mabomba yakiziba, umeme unaweza kukatika pia, ndio maana mtu anaweza kuwa anaongea na wewe na dakika inayofuata ameanguka.

Soma dalili, lakini uzisome zote pamoja

Kiungulia kinapenda kuja baada ya kula, hasa ukila kingi au usiku. Ni cha kuchoma. Kinaanzia chembe cha moyo kinapanda kuelekea kooni, na mara nyingi kinaleta ladha chachu au chungu mdomoni, kama unacheua. Ukiinama kinazidi. Ukilala chali kinazidi. Wale wanaoenda tarawehe wakiwa wamefuturu viazi karai, kaimati na sambusa wanaijua vizuri: rukuu uko sawa kidogo, ukishuka sijda unaskia ukwaju unarudi. Ukikaa wima, kinapoa. Kinaweza kukaa saa nzima au zaidi, kinapanda na kushuka, na umeshawahi kukiskia hapo awali baada ya vyakula vilevile.

Moyo kwa kawaida haichomi. Inabana. Waliopitia wanasema ni kama mtu amekukalia kifuani, ama mkanda umekazwa, ama uzito tu usioeleweka. Wengi wakiulizwa panauma wapi wanakunja ngumi na kuiweka katikati ya kifua. Daktari mmoja Mmarekani, Samuel Levine, aliiona sana hiyo ngumi hadi ikabeba jina lake. Maumivu yanatembea: bega, mkono wa kushoto au yote miwili, shingo, taya, mgongoni. Yanakuja na jasho baridi, pumzi fupi, kizunguzungu, kichefuchefu, na ile hali watu wanaieleza kama kuhisi mauti iko mlangoni. Kubadilisha mkao hakusaidii. Kazi ya mwili inayazidisha.

Kuna pia maumivu ambayo hayako upande wowote wa hizo mbili. Ukibonyeza kwa kidole kimoja ukapata pahali panauma hasa, au yanachoma kama sindano sekunde mbili kisha yanapotea, au yanazidi ukigeuza kiwiliwili baada ya kubeba viroba vya Marikiti, mara nyingi ni misuli na mbavu. Wasiwasi mkali nao unabana kifua na kukimbiza mapigo. Ila maumivu makali ya ghafla yanayozidi ukivuta pumzi, na pumzi yenyewe haitoshi, hayo ni ya hospitali, maana mapafu nayo yana dharura zake.

Sasa sikiza hapa vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotea. Ile orodha ya dalili ni ya mtu wa kwenye kitabu. Watu wa kweli hawafuati. Wanawake, wazee, na hasa wenye sukari wanaweza kupata mshtuko wa moyo bila kubanwa kifua kabisa. Sukari ya muda mrefu inaua mishipa ya fahamu, kengele inakatwa waya. Mama anaweza kusema amechoka tu ghafla, anatoka jasho, moyo unamchafuka, kuna uzito hapo juu ya tumbo. Yaani dalili zote za "nimekula vibaya". Kama nyumbani kwenu kuna mtu wa sukari au presha na amekuwa hivyo bila sababu, usimtengenezee chai ya tangawizi. Mtoe.

Na ile kitu ya kusema "amekunywa Eno akapata nafuu, basi ni gesi"? Itoe kwa akili. Maumivu ya moyo yanaweza kupungua yenyewe wakati ule ule Eno inatoa povu tumboni. Madaktari wenyewe hawaruhusiwi kutegemea hiyo kama kipimo, kwa sababu wagonjwa wa moyo wameshapewa dawa ya asidi wakasema wameskia vizuri. Mbweu ya ami yangu haikumaanisha chochote.

"Lakini mimi niko na miaka 24"

Sawa, umri unakusaidia. Kijana wa miaka 24, havuti, anacheza mpira, kifua kinawaka baada ya mshikaki wa pilipili: uwezekano mkubwa ni asidi. Siwezi kukudanganya. Lakini kuna vitu vinabadilisha hesabu na mtaani kwetu viko tele.

Muguka. Najua hamtaki kuskia. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir aliipiga marufuku kuingia Mombasa, kesi ikaenda Embu, mahakama ikasimamisha amri, na siasa ikachukua nafasi. Kwenye zile kelele zote watu walibishana kuhusu uvivu, ndoa na ushuru. Moyo haukutajwa sana. Ndani ya muguka na miraa kuna kathinoni, kemikali iliyo ndugu wa amfetamini. Inapandisha mapigo na presha, na inaweza kufanya mishipa inayolisha moyo ijikaze. Madaktari wa Yemen, ambako wanatafuna jani hilo kila alasiri, walianza kuandika kuhusu uhusiano wake na mshtuko wa moyo mapema miaka ya 2000. Sasa wewe umetafuna tangu saa tisa na njugu na Big G, hujala chakula cha maana, umeshushia na soda na kinywaji cha nguvu, umevuta sigara pakiti, na saa sita usiku kifua kinabana. Manze, hapo umri usiutaje. Kokeni ni mbaya zaidi, inaweza kuleta mshtuko wa moyo kwa mtu wa miaka 20 mwenye mishipa safi kabisa.

Na ukifika hospitali, sema ulichotumia. Mwambie mathe atoke nje kama unaona haya. Daktari hatakupeleka kituo cha polisi, anataka kujua tu dawa gani akupe na gani asikupe.

Kingine ni familia. Kama buda au kakako alipata shida ya moyo kabla ya miaka 55, ama mathe au dada kabla ya 65, hiyo iko kwa faili yako pia. Na watu wenye asili ya Bara Hindi, ambao Mji wa Kale wako vizazi na vizazi, utafiti wa dunia umeonyesha mshtuko wa moyo huwapata miaka kadhaa mapema kuliko wengine. Ongeza presha, sukari, kolesteroli na sigara. Presha haina dalili, kwa hivyo kama hujawahi kupimwa huwezi kusema huna.

Halafu kuna ugonjwa wa moyo ambao Afrika Mashariki ni wa vijana hasa, na hauji na biriani. Ukiwa mtoto ukapata koo la bakteria lisilotibiwa vizuri, mwili unaweza kuleta homa inayoshambulia valvu za moyo. Miaka inapita, unafika ishirini na kitu, unaanza kuishiwa na pumzi ukipanda ngazi, miguu inavimba, mapigo yanakwenda ovyo. Wengi wanajidhania hawana mazoezi tu. Kama ndio wewe, omba daktari asikilize moyo.

Ukiwa na shaka, songa

Kifua kinabana na hakiachii baada ya dakika chache ukiwa umetulia, ama kuna jasho, pumzi fupi, mkono au taya inauma: usisubiri robo saa, usisubiri asubuhi, usisubiri mwenye gari amalize swala. Piga 999 au 112. Msalaba Mwekundu wana 1199, bila malipo.

Lakini tuongee ukweli wa Mji wa Kale. Ambulensi haingii kichochoro ambacho watu wawili wakipishana mmoja anageuka ubavu. Wakati unapiga simu, wengine watafute kiti cha plastiki. Mkalishe mgonjwa, mbebeni akiwa amekaa, mumtoe hadi barabara ambayo gari inafika, Ndia Kuu ama Makadara Road, yoyote iliyo karibu na nyumba yenu. Asitembee. Kila hatua anayopiga moyo unadai damu ambayo haupati. Kama ambulensi iko mbali, tuktuk. Akae katikati ya watu wawili. Boda usijaribu, akizimia huko nyuma mmepata ajali juu ya ugonjwa. Na yeye mwenyewe asiendeshe gari hata akisema yuko sawa.

Hospitali kubwa ya umma, ile ya rufaa ya Coast General, iko humu humu kisiwani. Aga Khan iko Vanga Road, Pandya iko Dedan Kimathi Avenue, Mombasa Hospital iko karibu na Mama Ngina Drive. Kutoka Mji wa Kale zote ni safari fupi usiku. Nenda yenye chumba cha dharura kinachofanya kazi saa 24. Ile kliniki ya pembeni yenye mtu mmoja na mizani itakuchelewesha tu.

Asprini: kama mgonjwa yuko macho, ni mtu mzima, hana mzio nayo, hajawahi kutapika damu wala kuambiwa vidonda vyake vinavuja, na hatumii dawa za kufanya damu iwe nyepesi, atafune miligramu 300. Atafune, asimeze nzima, ndio ifanye kazi haraka. Zile ndogo za 75 ni nne. Huna asprini nyumbani? Usizunguke maduka kutafuta, nenda. Ukipiga simu na mhudumu akakwambia vingine, fuata yake.

Akianguka, hapumui au anakoroma kwa mbali tu, mlaze chini chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache hadi msaada ufike. Unaogopa utamvunja mbavu? Mbavu zinapona.

Na kuhusu pesa, kwa sababu najua ndio inayowafanya wazee waseme "hebu tungoje kidogo". Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inarudia hivyo hivyo. Bili itakuja, sijasema ni bure, na mambo ya SHA mtaenda kuyapanga mkiwa mmekaa kwenye benchi. Lakini mlangoni wanatakiwa wamtulize mgonjwa kwanza. Litaje hilo kwa sauti kama kuna mtu anauliza amana kabla ya kumgusa.

Mle ndani watafanya kipimo cha umeme wa moyo, kile cha nyaya, ECG. Kinatakiwa kifanyike ndani ya dakika 10 tangu ufike na kifua kinachouma. Hakiumi. Kama wewe umekaa kwenye foleni nusu saa, simama useme "nina maumivu ya kifua", kwa sauti. Kisha watapima damu kutafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia. Hapa watu wengi wanakasirika bure: ECG ya kwanza inaweza kuwa safi na bado ni moyo, na troponini huchukua saa kadhaa kupanda. Ndio maana wanakuweka na kurudia. Usisaini utoke kwa sababu kipimo cha kwanza kilikuwa poa. Mimi nilitaka kutoka, mathe akakataa, na alikuwa sahihi hata kama matokeo yalikuwa ya aibu.

Wakisema ni asidi

Alhamdulillahi. Sasa usirudi kwa ile tabia.

Mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga chakula na yanalegeza kile kijilango. Sigara inalegeza, pombe inalegeza, chokoleti inalegeza, kahawa kwa wengine inalegeza. Soda inajaza gesi na kusukuma kutoka ndani. Pilipili, achari ya ndimu na ukwaju zinachoma umio ambao ushachubuka. Kwa hivyo ukichukua mihogo ya Lighthouse iliyopigwa pilipili na ndimu saa nne usiku, na soda, ukaenda kulala saa tano, umefanya kila kitu kwa mpigo. Sikwambii uache mihogo, mimi mwenyewe sijaacha. Kula mapema. Kati ya mlo wa mwisho na kitanda ziwe kama saa tatu.

Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa matofali chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi inakukunja tumbo tu, inazidisha. Lalia ubavu wa kushoto, tumbo linakaa chini ya njia. Kama kitambi kimeanza, kilo chache zikitoka zinasaidia kuliko unavyodhani. Maziwa yanatuliza kidogo kisha tumbo linatoa asidi tena, usiyafanye dawa.

Eno na zile za kutafuna ni za mara moja moja. Eno ina chumvi ya sodiamu nyingi, mtu wa presha asiifanye kinywaji. Omeprazoli ni nzuri lakini watu wanaimeza vibaya, wanakula kwanza ndio wanameza. Inatakiwa iingie kama nusu saa kabla ya chakula. Usijinunulie zaidi ya wiki mbili mfululizo bila kuonwa. Na ukianza kuskia chakula kinakwama kikishuka, unapungua uzito bila kutaka, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, hiyo imetoka kwa kiungulia cha kawaida. Saratani ya umio ni ya kawaida Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, na hapa kwetu inapata hadi watu wachanga.

Ramadhani nayo inawezekana. Kama daktari amekuandikia omeprazoli, magharibi ikiadhiniwa fungua kwa maji na tende, meza dawa, kaswali, ndio urudi mezani. Nusu yako ya saa imepita bila hata kuhesabu. Mahamri na mbaazi anza nazo, viazi karai viwili badala ya kumi. Daku kula chepesi, na ukishiba usirudi kulala chali. Kaa wima, umeegemea ukuta, hadi alfajiri. Ukishindwa na usingizi, ubavu wa kushoto, kichwa juu.